Wamenichagua Kuongoza Msafara kwa Sababu ya Taa Zangu

Shangazi mpendwa, nakuandikia nikiwa nimejifungia kwenye chumba cha kupimia macho, mteja wa mwisho ameshaondoka, na naomba sana unisaidie kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo kwa sababu nimejiingiza kwenye jambo ambalo mtu mwenye akili zake asingejiingiza, na nimejiingiza kwa miguu yangu mwenyewe huku nikitabasamu.

Mimi ni mpima macho, Shangazi. Mchana kutwa nawakalisha watu kwenye kiti, nawasomesha herufi za ukutani, nawaambia mwanga mkali unaharibu macho na nawauzia miwani ya kuyakinga, halafu jioni nawasha gari langu na watu walewale wanajifunika nyuso kwa viganja. Gari lenyewe ni fowili, lile refu la kupanda milima, nililinunua kwa daktari wa mifugo aliyekuwa anastaafu, yeye alikuwa akilipeleka machungani na kwenye mashamba yasiyo na barabara, mimi nalipeleka dukani na kulirudisha nyumbani, lami mwanzo hadi mwisho, isipokuwa siku moja nilipolipandisha ukingoni mwa barabara kwa bahati mbaya nikashinda siku nzima najisikia mwanaume.

Sasa taa. Nilianza na mbili ndogo kwenye bampa nikasema basi, zinatosha, halafu nikaona zile mbili zina upweke nikaziongezea wenzake, halafu nikaweka ile ndefu ya mstari juu ya paa, halafu za ubavuni, halafu za nyuma ili hata nikirudi nyuma nirudi kwa heshima. Nilizifunga mwenyewe kwa kutazama video, nimevaa ovaroli ambayo nakiri niliinunua kwa ajili ya picha, na pale nilipoishiwa waya nilitumia waya wa redio mbovu, na mahali pa kuchukulia umeme niliona uvivu kufika hadi kwenye betri nikaudokoa kwenye waya wa taa kubwa za gari, na yule wa kwenye video alisema habari ya fyuzi lakini alikuwa anaongea polepole na mimi nilikuwa na haraka ya kuwasha. Nilipowasha, jogoo wa jirani aliwika. Tangu siku hiyo mtaani wananiita Uwanja, kama uwanja wa mpira.

Pale tunapooshea magari kuna kikundi cha wenye fowili, na mwenyekiti wao ni muuza vigae, mtu wa sauti nzito, na waliponiona nimefika ninang'aa hivyo wakanipokea kama mtu aliyerudi vitani. Wakaniuliza habari za porini. Mimi badala ya kusema sijawahi kufika huko nikasema tope halina ubishi na mtu anayelijua, Shangazi, hata mimi sijui maana ya sentensi hiyo, lakini walitikisa vichwa, na mmoja aliirudia taratibu kama anaihifadhi. Kumbuka kwamba kwenye gari langu, kando ya gia kubwa, kuna kijiti kingine kidogo cha gia, na kwa muda wote niliokuwa nalo nimekuwa nakitundikia mfuko wa mkate.

Basi wamepanga safari ya kwenda kwenye maporomoko ya maji, njia ya mawe na mito midogo, na wataondoka alfajiri kabla hakujapambazuka. Mwenyekiti akasema, "Uwanja atatangulia. Ana taa, atatufungulia njia." Wakapiga makofi. Nilikuwa bado natafuta maneno ya kukataa, mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani akanishika bega, ni mtu mpole, gari lake kalinunua juzi tu, akaniambia, "Mimi nakuja na mama yangu na wale mapacha wangu. Sijawahi kutoka kwenye lami, lakini nitashika mkia wako. Ukipita, na mimi napita." Nikamjibu, "Ondoa shaka, ndugu yangu." Shangazi, mimi ndiye sijaondoa shaka tangu siku hiyo.

Nikaona nifanye mazoezi kwa siri. Nikamchukua mke wangu, yeye ni mkunga, mtu asiyetishika kwa urahisi, na anaendesha vizuri kuliko mimi ingawa hajawahi kulisema hilo kwa sauti, tukaenda jioni moja kwenye njia ya machimbo ya zamani ya mawe, inapanda kilima kwa kona kona. Njia ilikuwa mbaya lakini tulikwenda, nikaanza hata kupiga mluzi. Tulipokaribia kilele ukungu ukashuka. Mke wangu akasema, "Simama kwanza." Nikamwambia asubiri aone kazi ya hizi taa, nikaziwasha zote kwa mpigo. Nilichokiona ni ukuta mweupe. Sikuona njia, sikuona jiwe, sikuona boneti ya gari langu mwenyewe, ule mwanga wa juu ya paa ulipiga ukungu ukanirudia machoni, na mimi mpima macho nikafumba macho nikiwa naendesha. Halafu nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, moshi ukatoka chini ya dashibodi, na taa zote zikazimika kwa pamoja, za kwangu na zile kubwa gari lilizokuja nazo, na gurudumu la mbele kushoto likashuka mahali nisipopajua na gari likalala upande wa mke wangu.

"Zima gari," alisema mke wangu, kwa sauti ile anayotumia kazini. Nikazima. "Toka upande wako, nitakufuata." Tukatoka. Aliyetuokoa ni dereva wa lori la maziwa aliyekuwa anashuka kutoka juu. Alisimama mbali, akaja kwa miguu na tochi ndogo ya mkononi, akatumulika, akaniuliza, "Ni wewe uliyekuwa unawaka?"

Nikasema ndiyo.

"Nilidhani ni kiwanda," akasema. Halafu akaacha utani. "Sikuona njia, bwana. Niliona mwanga tu. Bahati leo nimebeba mzigo mzito nakuja taratibu. Siku nyingine ningewaingia."

Alitufunga kamba akatuvuta. Kumbe pale tulipoteleza, hatua chache mbele, kulikuwa na shimo la machimbo. Njia nzima ya kurudi tulimfuata yeye kwa taa zake za nyuma, na tulipofika nyumbani mke wangu akavua viatu, akakaa kitandani akaniambia, "Mapacha wa mwalimu niliwapokea kwa mikono hii. Sikuwapokea ili wewe uwapeleke shimoni. Uwaambie wenzako, au nitawaambia mimi."

Shangazi, nilidhamiria kuwaambia. Kesho yake nilikwenda pale wanapooshea magari, lakini walipoona ubavu umekwaruzika na bampa imepinda na matope hadi madirishani, Mwenyekiti akawaita wengine akasema, "Njooni muone gari la mtu anayelitumia." Nikapigwa picha. Mwalimu akataka na yeye apigwe akiwa kando yangu. Nami nikasimama, nikaweka mguu juu ya bampa.

Sasa nimekwama. Mke wangu ameiona ile picha, na haongei nami ila kwa mambo ya lazima, nikimwomba chumvi ananipa. Nikisema ukweli nitakuwa kichekesho cha mtaa mzima, na jina la Uwanja litapata maana mpya. Nikinyamaza, mwalimu atanifuata na mama yake na watoto. Nimefikiria kuugua, na kwa kuwa nawe ni mtu uliyeona mengi, naomba uniambie ni ugonjwa gani unaoanza Ijumaa jioni na kuisha Jumapili bila kuacha dalili. Au unaweza kunishauri kingine. Nitakushukuru.

Ni mimi,
Uwanja

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu Uwanja, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka nikavua miwani. Mara ya pili nilifika pale penye mapacha nikaivaa tena.

Ugonjwa unaoutafuta sina. Hata ningekuwa nao nisingekupa, kwa sababu ukiugua wewe, wenzako wataondoka alfajiri hiyo bila wewe na mwalimu atashika mkia wa mtu mwingine asiyejua kitu. Hilo hukuliwaza. Ulikuwa unawaza picha yako.

Wasomaji wajue kwamba ukurasa huu huchelewa kuchapwa, na mimi kabla ya kukalia kiti hiki niliendesha gari la wagonjwa miaka mingi kwenye njia za mawe, kwa hiyo barua hii sikuweza kuiacha ingoje zamu yake. Nilikupigia simu siku ileile. Nilikwambia ukate, umpigie mwalimu kwanza, halafu Mwenyekiti. Ukaniuliza kama unaweza kuwatumia ujumbe wa maandishi. Nikakwambia hapana, wasikie sauti yako ikitetemeka, itawasaidia kuamini.

Ulinipigia baadaye. Ulisema mwalimu alikujibu, "Afadhali umeniambia. Mama kila siku ananiuliza kama huyo mtu anajua kuendesha, na mimi namjibu ana taa nyingi." Mwenyekiti yeye hakuwa na upole huo. Alikukaripia, akakwambia umewafanya wajinga, akakata simu. Jioni alituma watu wote taarifa kwamba safari imesogezwa mbele, na kwamba atakayetangulia ni mtu aliyewahi kuipita ile njia. Wapo waliokucheka, ndiyo. Uliniambia mwosha magari alikuuliza kama tope bado halina ubishi. Umekufa? Hukufa. Basi tuendelee.

Hilo gari lipeleke kwa fundi umeme wa magari kesho, na usimfundishe kazi. Aondoe kila waya uliouweka, hasa ule wa redio. Taa za ziada zichukue umeme wake kwenye betri, kwa waya mnene, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, ili waya ukigusana na chuma fyuzi ife badala yako. Swichi yako isibebe mzigo wote wa umeme, kazi hiyo ni ya rilei, kile kifaa kinachobeba umeme mkubwa kwa amri ya swichi ndogo, fundi anaijua. Na taa kubwa za gari ziachwe peke yake na njia yake. Siku taa zako za mapambo zikizimika, zile ndizo zitakazokurudisha nyumbani.

Ile ya juu ya paa ishushwe. Ulishaona kazi yake. Kwenye ukungu, vumbi au mvua kubwa, mwanga wa juu unakupofusha wewe mwenyewe, na unaotakiwa ni wa chini, mdogo, ulioelekezwa ardhini. Baki na mbili kwenye bampa, uzielekeze ukutani jioni moja uone zinapiga wapi, na ziinamishe mpaka zisifike machoni mwa anayekuja. Kwenye barabara ya watu usiziwashe kabisa, na uliza sheria inasemaje kabla askari hajakueleza. Porini nako, ukiona tu dalili ya gari lingine, zima. Yule dereva wa maziwa alikwambia kweli yote kwa sentensi mbili, nami sina la kuongeza, ila umtafute umshukuru, maana siku ile nadhani ulisahau.

Kile kijiti unachotundikia mkate ndicho kinachoyapa magurudumu yote nguvu na kulishusha gari mteremkoni taratibu bila kukanyaga breki ovyo. Jifunze kukitumia mahali tambarare, na mtu anayekijua akiwa kando yako, mpaka mkono ukizoee. Mahali usipopaona, shuka utembee kwa miguu kwanza. Mto usiojua kina chake, usiuingie mpaka umeona mwingine anavuka au umepima kwa fimbo. Vitu vyote ndani vifungwe, maana jeki iliyolegea ikiruka haichagui kichwa. Mikanda kila mtu, hata kama mnakwenda mwendo wa kobe, na mwende mwendo wa kobe. Mwenzako akisema simama, simama, halafu ndipo muulizane kwa nini. Na siku ya safari utakaa katikati ya msafara, mwalimu atakaa mbele yako ambapo wenzake wanamwona, na wewe hutaona aibu.

Nimalizie na mkeo, kwa sababu naona ulimweka mwisho kabisa wa barua, kwenye chumvi. Huenda ulidhani amekununia kwa sababu uliharibu gari. Mwanangu, yule mwanamke alikwambia simama, ukamwambia asubiri aone. Alilala ubavuni, hatua chache kutoka shimoni, akakuongoza utoke, kwa sauti ya upole. Halafu kesho yake akaona picha yako umeweka mguu juu ya bampa. Ningekuwa mimi hata chumvi ungeifuata mwenyewe.

Usimnunulie kitu. Usimfanyie hotuba. Fundi akishamaliza kazi, rudi nyumbani mapema, mwambie kwa maneno machache kwamba ulikosea na kwamba ulimhatarisha, halafu mpe funguo. Mwende kwenye uwanja wowote mpana, yeye ashike usukani, ajifunze kile kijiti kabla yako. Wewe kaa upande wa abiria, funga mkanda, na mpaka atakapokuuliza kitu, nyamaza.