Ndama Waliofungiwa Nyumbani

Kitengela,
Machi 2006.

Kwako dada yangu mpenzi Wayua,

Pokea salamu tele kutoka kwangu mimi mdogo wako. Je, huko Entarara mmeamkaje? Shemeji Kiilu kifua chake kimepoa? Natumaini mvua imewaonea huruma, kwa maana huku kwetu vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria. Sisi tuko wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu.

Najua umemwona Nzula kabla ya kuifungua barua hii, na najua umemkazia Muthama macho. Tafadhali usimgombeze mume wangu. Mpe chai kwanza, mtoto mweke mapajani, kisha usome mpaka mwisho. Naomba unilelee mwanangu. Ninakwenda Uarabuni kufanya kazi ya nyumba, miaka miwili.

Tangu Muthama aumie mgongo kwenye machimbo ya mawe, hajapata kazi nyingine. Mimi nilisimamishwa kazi kwenye shamba la maua tumbo lilipoonekana, na vibarua vya kufua nguo haviwezi kulisha watoto watatu. Wale wakubwa wawili watabaki na baba yao. Nzula ana miezi mitano tu na bado ananyonya, kwa hiyo atakusumbua siku za kwanza. Akilia jioni, mbebe mgongoni ukitembea. Ukijaribu kuketi atajua, maana ni mjanja huyo.

Jumapili watu wa kanisa walikuja nyumbani kuniombea. Mwalimu wetu wa Biblia ni mzee Wahome, mwenye duka la vyakula. Huyo, punda akitajwa kwenye Maandiko, lazima aulize alikuwa wa rangi gani. Husema kwamba Mungu huficha mambo makubwa katika maneno madogo, nami nimempenda kwa hilo. Basi alitufungulia Samweli wa Kwanza, pale Wafilisti walipolirudisha sanduku la agano. Walitwaa ng'ombe wawili wanaonyonyesha, wakawafunga kwenye gari lenye lile sanduku, na ndama wao wakawafungia nyumbani. Ng'ombe wakaenda moja kwa moja bila kugeuka, lakini njia nzima walikuwa wakilia. Mzee akasema tusikiruke kile kilio. Akasema ndama ni yale yanayotuvuta nyuma, na kilio ni maombi ya anayetii huku moyo unamuuma. Ng'ombe huyo, akasema, ni dada yetu Ndunge. Mama Metito, jirani yetu Mmaasai, alinishika mkono akalia, na wote wakaitikia amina. Mimi pia niliitikia, na kwa kweli nilifarijika.

Kesho yake, Nzula alipolala, niliifungua Biblia nipate ile faraja tena. Nikasoma mbele kidogo kuliko pale mzee alipoishia. Dada, gari lilipofika, watu walilipasua likawa kuni, na wale ng'ombe wakateketezwa wawe sadaka. Hawakurudi. Nilitafuta ndama walipewa maziwa na nani, nisione hata neno moja. Nikamwendea mzee dukani kwake nikamuuliza. Alivua miwani, akaipangusa, akasema ataniombea. Sikumkasirikia, alitaka tu kunipa kitu cha kubeba moyoni. Lakini tangu siku hiyo naogopa, dada, naogopa sana. Florence wa ploti ya jirani alikwenda huko mwaka juzi, na hadi leo mama yake hajui yuko mji gani.

Sasa nikwambie lile lililonikaa kooni. Muthama hajanizuia. Naona anatamani nikatae mwenyewe, na mimi nimekuwa nikitamani yeye aseme nibaki. Tunaangaliana tu na kunyamaza, kwa sababu atakayesema ndiye atakayeulizwa watoto watakula nini. Tangu Januari, pasipoti ilipotoka, nilikuwa na nafasi ya kukuandikia. Sikuandika, na sikusahau. Katika ukoo wetu wote ni wewe peke yako ambaye ungesema, Ndunge, usiende, na mimi ningekusikiliza. Ndiyo maana nimengoja hadi leo. Muthama anapanda basi na mtoto asubuhi hii, na ukisoma hapa ndege yangu imeshaondoka.

Nisalimie Kiilu, na akina mama wote wa huko wanaonikumbuka. Mungu awatunze nyote, awaletee mvua. Nzula akianza kusema, na neno lake la kwanza likiwa mama, tafadhali umwitikie.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Ndunge.