Nahodha Hataki Njia ya Visiwa

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo siku wakala wa safari anataka jibu, na mimi hapa sijui hata nijishonee nguo za joto au za baridi.

Mimi ni fundi cherehani, na mume wangu ni mstaafu, alikuwa dobi kwenye meli kubwa ya watalii tangu kifungua mimba wetu anatambaa mpaka naye akapata watoto wake, akawa anaondoka miezi mingi na kurudi wiki chache, nami nikilea na kushona, na sikulalamika sana kwa sababu kila akirudi alikuwa anakaa kwenye kiti chake cha dirishani na kutusimulia bandari moja baada ya nyingine mpaka chakula kinapoa, na watu wa mtaani wakampachika jina la Nahodha, ingawa wote wanajua alikuwa dobi, na jina amelipenda, hata ukimwita kwa jina lake halisi anachelewa kugeuka.

Ana namna yake ya kusimulia ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine, atakwambia kuna bandari ambayo abiria hurudi na mchanga mweusi umeng'ang'ania kwenye taulo, hautoki hata uloweke vipi, na nyingine ina vumbi jekundu linalojificha kwenye pindo za suruali, na nyingine watu wanarudi mashati yote yana madoa ya zabibu, ndipo unajua kuwa huko wanavuna, na sisi tunacheka, tunamwuliza mji wenyewe je, sokoni kukoje, anasema, "Mji ni mji tu, watu wapo," halafu anarudi kwenye taulo. Zawadi nazo hakuwa mchoyo, sabuni, kofia, vikombe, kila kitu kina picha ya meli yao, kabati langu limejaa.

Sasa watoto wetu wamejichanga, wakasema baba kafanya kazi melini maisha yake yote, safari hii apande kama abiria, na mama naye akaone. Nililia kwa furaha, sikufichi. Dada yangu mdogo na mumewe wakasema nao watajilipia, tuwe wanne, basi tukaenda kwa wakala, ofisi ndogo ya ghorofani yenye feni moja na vijitabu kibao, akatuwekea mezani njia mbili. Ya kwanza inapita visiwani, karibu kila siku bandari mpya, na ndiyo ile ile aliyoifanyia kazi mume wangu. Ya pili inakwenda kwenye barafu, siku nyingi ni za baharini tu, unakaa juu kwenye sitaha umejifunika blanketi unaangalia milima myeupe, kushuka ni kwa nadra.

Nahodha akachagua visiwa bila kusita, akawa anamwonyesha wakala kwa kidole, hapa kuna mchanga, hapa kuna zabibu, na mimi nikajisikia fahari kweli. Ndipo shemeji yangu akasema, "Basi watembezaji wa nini? Tutashuka na Nahodha wetu, atatupeleka mwenyewe." Tukacheka wote. Nilipomtazama mume wangu nikaona hacheki, anapanga vile vijitabu vilingane kingo.

Kesho yake asubuhi, hata chai haijachemka, ananiambia amebadili mawazo, anataka barafu. Mtu huyu, mshauri, analala na soksi msimu wa joto, feni ikiwashwa anahama chumba. Nikamwuliza kulikoni, akasema visiwa amevichoka, nikamwambia mimi sijavichoka, mimi sijaviona, akasema, "Mama watoto, barafu ni kitu cha kuona mara moja maishani," akatoka nje kumwagilia maua ambayo alikuwa ameshayamwagilia.

Dada yangu anasema nisijifanye mjinga, huko visiwani kuna mwanamke, pengine na watoto juu, ndiyo maana anaogopa tukishuka naye tutakutana nao uso kwa uso. Nimelikataa neno hilo mdomoni lakini tumboni limekaa. Namtazama akila, namtazama akisinzia, najiuliza ni bandari ipi, ile ya mchanga mweusi au ile ya zabibu, na huyo mwanamke anafananaje. Ajabu ni kwamba hata hasira sina sana, nina hamu ya kujua tu, hamu inayoniwasha, mpaka jana nimebandika mkono wa kushoto wa gauni la mteja upande wa kulia. Sasa nishikilie visiwa nijue ukweli, au nikubali barafu nipate amani?

Ni mimi, mwenye sanduku tupu juu ya kitanda.

JIBU

Mwenye sanduku, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa natabasamu, usinikasirikie. Jibu umeliandika mwenyewe kwa mkono wako, kisha ukaniuliza swali.

Hebu tuifikirie kidogo hiyo meli. Mimi meli sijapanda, lakini mashuka nayajua. Meli inafika bandarini asubuhi, abiria wanavaa kofia zao, wanashuka, vyumba vinabaki wazi. Sasa niambie, mama, unadhani mashuka ya vitanda vyote vile yanatolewa saa ngapi? Na jioni watu wanaporudi na taulo zao zimejaa mchanga, nani anazipokea? Siku ya bandari ndiyo siku ambayo dobi hainui kichwa. Wenzake wa kazi nyingine pengine waliponyoka wakaenda kunyoosha miguu. Yeye, nijuavyo mimi kazi ya kufua, alikuwa kule chini na mashine na mvuke, na mji uko hapo hapo nje ya ukuta.

Rudi sasa kwenye hadithi zake. Mchanga, vumbi, zabibu: kila alichokusimulia kilipanda melini na watu wengine. Ukimwuliza soko, hana. Na hizo zawadi zako zote ni za duka la melini. Mwanaume mwenye nyumba ya pili bandarini angekuletea walau kikapu kutoka sokoni, ili usimshuku.

Ninavyoona mimi, mume wako hamkwepi mtu. Hajawahi kushuka, au ameshuka akafika getini akaitwa kazini. Visiwa alivichagua kwa furaha, umeona kwa macho yako, kwa sababu hatimaye alikuwa anakwenda kuviona. Kilichomvunja nguvu ni shemeji yako kumpa kazi ya kuwaongoza. Tangu pale anajiona amesimama mahali njia zinapogawanyika, nyinyi watatu mnamtazama, naye hajui kushoto wala kulia. Yuko radhi agande kwenye barafu kuliko kuiona sura yako saa hiyo. Nimemhurumia, nakwambia kweli.

Sisemi hana kosa. Mke wa miaka yote hiyo angeweza kumwambia. Lakini na wewe ngoja nikuseme. Umemwuliza miji ikoje, soko likoje. Kazi je? Mgongo wake, joto la kule chini, alikuwa analala na wangapi chumbani, siku mlipompigia simu ya msiba au ya harusi alikwenda kusimama wapi? Barua ndefu vile na hakuna hata mstari mmoja. Mlitaka bandari, naye akawapa bandari kwa kile alichokuwa nacho mkononi.

Kwa hiyo, usimpekue wala usimwekee mtego. Gazeti hili likifika kwenu, kabla yeye hajalisoma lipeleke kwenye meza yako ya kazi ukakatie vipimo vya magauni. Dada yako mwambie anyamaze, na yeye na mumewe wachukue mtembezaji wao, nyinyi mtakwenda taratibu. Kabla ya Ijumaa keti na mzee wako, mwambie umechagua visiwa, na kwamba mtashuka nyinyi wawili tu, na wewe ndiye utakayeongoza kwa kuwa hamu ni yako. Kisha mwulize habari za kule chini kwenye mashine. Akianza kusema, usimkatize hata kama kuna mteja mlangoni.

Na kama nimekosea, na mwanamke yupo kweli, njia bado ni ile ile ya visiwa. Kwenye barafu hutagundua kitu, utarudi na mafua na maswali yako yale yale. Shona nguo nyepesi, mama, na viatu visiwe vipya.

Mkishuka siku ya kwanza, usimsubiri atangulie. Msimamishe wewe mtu wa kwanza mtakayekutana naye, umwulize njia ya sokoni, kwa sauti, bila aibu. Mtapotea, hilo halina ubishi. Na mkichelewa kurudi, shemeji yako akasimama ngazini kuuliza imekuwaje Nahodha apotee kwenye mji wake, wewe ndiye ujibu. Mwambie Nahodha alikuwa sahihi, ni wewe uliyekataa kumsikiliza.