Kicheko Ndani ya Eda

Jumatatu, 8 Septemba
Uji. Sala. Kukaa. Eda bado mbichi. Sitoki, sijitii manukato, sijipambi. Wageni wakija najifunika kanga. Nimechoka na kuta hizi. Nimemkumbuka mume wangu Idrisa mpaka kifua kinauma.

Shoga yangu Rehema kaja kutoka Tumbi na kitabu cha Kiingereza. Mapenzi ya mabwana wa zamani, farasi na magauni. Kaniapia humu hafi mtu. Mimi na riwaya za mapenzi wapi na wapi! Nimekiweka chini ya mto. Sitakisoma.

Jumatano, 10 Septemba
Nimekisoma. Msichana hatoki peke yake. Shangazi kakaa katikati, macho kodo. Kijana akimshika mkono bila glavu, mji mzima unasema. Hawa Wazungu ni Wazaramo kabisa! Nataka kuona wanavyoposa.

Ijumaa, 12 Septemba
Aibu tupu. Kitabuni kuna bwana mmoja mwenye maringo; alikwenda kumwokotea binti kofia, akatumbukia kwenye bwawa la bata. Nikaangua kicheko. Papo hapo wakaingia akina mama wa Visiga kunipa pole. Nikavuta kanga usoni. Mabega yanatikisika. Wakadhani nalia.

"Jikaze, mwanangu. Mwachie Mungu."

Wakalia na wao. Ndipo nikalia kweli.

Wifi yangu Mwajuma alikuwa mlangoni. Yeye hakulia. Alikiona kitabu.

Jumamosi, 13 Septemba
Kitabu hakipo chini ya mto. Mwajuma kasema mbele ya mama mkwe: "Anayecheka edani hakumpenda kaka yangu."

Aliyekuwa akinichekesha ni Idrisa. Tangu azikwe hakuna mwingine, ila huyo bwana wa bata. Namchukia Mwajuma. Lakini mama mkwe hakusema neno, na hilo ndilo linaloniua. Akiamini sikumpenda mwanawe, nitaishije humu? Na kutoka siwezi.

Jumatatu, 15 Septemba
Mama mkwe kaleta chai. Hakuketi. Natazama mlango, dirisha, mlango. Nakosa hewa.

Jumatano, 17 Septemba
Baada ya alasiri mama mkwe kaingia, kafunga mlango. Katoa kitabu ndani ya kanga yake. Kiingereza hajui.

"Nisomee huyo aliyekuchekesha."

Nikaanza mwanzo, namgeuzia kwa Kiswahili. Yule shangazi wa macho kodo alimfurahisha sana. Tulipofika bwawani alicheka mpaka akashika mbavu.

"Idrisa wangu kabisa! Na kanzu ya harusi, alianguka chali kwenye tope, mlangoni kwenu!"

Tulicheka sote wawili. Kisha akajifuta macho kwa pindo la kanga.

"Huyu kijana atakufa?"

"Hapana, mama. Humu hafi mtu."

Akanyoosha miguu mkekani.

"Basi soma polepole."