Pikipiki Isiyo na Kiti

Ganjoni, Mombasa
Jumapili, baada ya ibada

Kwako dada yangu mpendwa Emmah,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji na watoto, na mama mkwe wako ambaye natumaini goti limempa nafuu. Mimi ni mzima wa mwili, chakula nakula, na joto la huku unalijua. Usishangae kuletewa barua ya karatasi zama hizi. Simu yangu ukiipokea unaiweka sauti ya juu, sebule nzima inasikia, na niliyo nayo leo si ya sebule. Joy, binti wa jirani yangu, anakuja huko Kaloleni kumwona shangazi yake, nami nimemwapisha aikabidhi bahasha hii mkononi mwako na si kwa mwingine.

Uliniuliza kama bado naifuga ile pikipiki ya marehemu mume wangu Jefwa chini ya ngazi. Naam, nilikuwa naifuga, paka wakizaa juu yake na chumvi ya bahari ikiila. Unaikumbuka ilivyo: nyembamba, imeinuka kama mbuzi mwenye njaa, na haina kiti. Mashindano yake si ya mbio. Mtu huipandisha mawe na magogo polepole akiwa amesimama wima, na akigusa chini kwa mguu amepoteza. Marehemu aliipata kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifanya kazi naye bandarini, na kila Jumapili alikuwa nayo kwenye machimbo ya mawe ng'ambo ya Nyali, hadi alipougua.

Sasa mwenye nyumba anataka kuweka tangi la maji pale chini ya ngazi. Akanipa muda wa kuiondoa. Wewe ulisema niwauzie wa vyuma chakavu nipumue, na ulikuwa na haki, lakini kila nikiwaona wanapita na mkokoteni wao nilikuwa najificha ndani kama ninayekwepa mgeni. Mwishowe nikaamua kwanza nimwulize mtu anayejua kama inafaa kutengenezwa au haifai. Nikaipakia kwenye mkokoteni mpaka Liwatoni kwa fundi Ngumbao, anayetengeneza mashine za maboti, na yakikosekana maboti anatengeneza bodaboda.

Ngumbao aliizunguka, akaichokonoa, akainusa hata. Akaniambia spoki zimeoza, tangi limetoboka na pistoni imekwama, lakini injini yenyewe bado ina uhai. Tatizo ni kwamba vipuri vyake vyatoka Uhispania. Akasema anaweza kuiunga kwa vipuri vya pikipiki nyingine ikatembea, ila haitatembea sana. Kisha akaniuliza naitakia nini. Nikamwambia aitengeneze tu iwe pikipiki, nikaenda zangu.

Niliporudi nilisikia ikinguruma kabla sijaiona. Nilipoiona nilishika mdomo. Ngumbao alikuwa ameichomelea vyuma na kuifungia kiti kirefu cha bodaboda, chekundu, cha watu wawili, na pa abiria kuwekea miguu, na keria ya mizigo. Yeye anatabasamu kama bwana harusi. Alinieleza kwamba alipoona haina kiti alijua kimeibiwa, kwani wezi wa Ganjoni hawana haya, wanamwibia hata mjane. Basi akakitafuta kiti kizuri akakifunga kwa heshima yangu, na akasema hicho nisimlipe, ni sadaka yake kwa marehemu. Ningemwambia nini mtu kama huyo? Nikamshukuru.

Habari zikamfikia Mzamil, rafiki wa marehemu, yule mwenye duka la kanga Biashara Street. Akaja Liwatoni na kanzu yake nyeupe katikati ya grisi. Aliniuliza hali yangu, na ya nyumbani, na ya kwenu wote mmoja mmoja, kama unavyowajua watu wa Mji wa Kale, huku macho yake yako kwenye pikipiki. Zilipokwisha salamu alijishika kichwa. Akasema, shemeji, wameiua. Hakumtukana fundi, lakini aliomba nimwachie yeye. Ataagiza vipuri mwenyewe, atavikata vile vyuma na kukitoa kile kiti, airudishe ilivyokuwa. Kisha siku ya ukumbusho wa Jefwa wataipeleka machimboni, kila rafiki aipande kwa zamu.

Akaanza kumkumbuka. Kwamba Jefwa alikuwa akiwachekesha mpaka mtu anaanguka na pikipiki yake. Kwamba alikuwa akiwapikia chai kwenye mawe matatu na kuwaimbia, tena kwa sauti ya mwanamke. Mzamil alicheka machozi yakamtoka, nami nikacheka naye, lakini nilikuwa nasikiliza habari za mtu nisiyemjua.

Nilimwomba anipe siku ya kufikiri. Alipoondoka nikamwambia Ngumbao anipeleke mzunguko mmoja. Nikajifunga leso, nikapanda nyuma, nikakaa upande. Tukapita Mbaraki hadi kule kwenye mnara wa taa, moshi ukitufuata kama wanaofukiza mbu. Tulipogeuza nikaanza kulia, kilio cha kweli, mpaka mabega yakatikisika. Ngumbao akapunguza mwendo, akaniambia pole mama, Mungu amlaze mahali pema. Nikaitikia amina.

Sasa nisikilize, dada, hili ndilo la bahasha. Sikuwa namlilia Jefwa. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mgongo wa mwanamume nisiyemjua vizuri, kwenye pikipiki ya mume wangu, na ndiyo iliyokuwa mara yangu ya kwanza kupandishwa. Ndoa yote ile! Nilipokuwa bibi harusi nilimwomba anifungie kiti, hata kidogo, nikae nyuma twende naye huko machimboni nikamtazame. Akasema kitaiharibu. Nikaomba basi nije kwa tuktuk. Akasema nitachoka na jua. Nikaacha kuomba. Jumapili nilikuwa nikitoka kanisani napika, nakula peke yangu, namfunikia chakula chake. Alikuwa akirudi amenyamaza, anaoga, analala. Hakunipiga, hakunitukana, mshahara alikuwa akileta. Ningemshtaki wapi, na kwa lipi? Mimi nilidhani ndivyo alivyoumbwa, mtu mkimya. Kumbe maneno alikuwa nayo, na vicheko alikuwa navyo, akivimaliza huko.

Watu wananiambia nitazoea upweke. Dada, mimi niliuzoea yeye yupo mezani. Siku ya mazishi nilikuwa naona haya, kwa sababu nyumba haikubadilika sana.

Jana nilikwenda Biashara Street nikampa Mzamil jibu. Nimempa pikipiki bure, na nimemwambia akikate kiti. Akafurahi, akaniita mke wa kweli wa Jefwa, akisema nimeelewa alivyoitaka iwe. Sikumrekebisha. Lakini wewe nakwambia: sikutaka watu waione na kiti cha wawili wakadhani mimi nilikuwa nakaa pale.

Huko machimboni siku ya ukumbusho sitakwenda. Nitakuwa nyumbani, na ningependa uje unione. Ukifika usinipe pole ya kufiwa, nimepewa nyingi na zote nimeitikia. Nipe ile ya miaka niliyokuwa na mume, maana hiyo hakuna aliyewahi kunipa.

Nisalimie shemeji, na watoto wote kwa majina yao. Mama mkwe wako mwambie mafuta ya goti nitamtafutia. Barua hii ukishaisoma ichome.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mercy