Nani Yumo Stoo na Mama Yako?

Magagnosc, juu kidogo ya Grasse,
19 Septemba 1958.

Mpendwa mpwa wangu Solange,

Pokea salamu za mjomba wako, ambaye kila mwaka huko Kanada mnadhani amekwisha kufa na kila mwaka anawaandikia. U hali gani? Réjean mumeo hajambo? Watoto je, na hiyo theluji yenu mnayoisifu kana kwamba mliinunua? Mimi mzima, isipokuwa magoti. Pua bado iko kazini. Mama yako naye ni mzima, tena mzima kupita kiasi, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, mimi niliyeiacha shule kabla shule haijaniacha.

Nisizunguke. Mama yako anafikiria kuuza shamba la asumini na kuhamia Paris. Nyuma ya jambo hili yupo mwanamume. Kuna wiki nilidhani wako wawili. Soma mpaka chini kabla hujalia wala kucheka, maana huko chini nina shida na wewe.

Tuanze na Bwana Valcourt. Aliletwa hapa na gari dogo la kijivu wakati waridi zinachumwa, mikononi glavu za ngozi, na joto lote lile. Ni mtunga manukato wa kampuni moja kubwa ya Paris. Wakubwa wake wamemtuma atunge manukato ambayo mwanamke wa Brazili akifungua chupa aione Ufaransa nzima imesimama mbele yake. Nikamuuliza kama itakuwa imesimama au imeketi inakula, maana mimi sijawahi kuiona ikisimama. Hakucheka. Mtu asiyecheka mezani kwetu namwekea alama.

Akajaribu kunipendeza. "Haya, mzee wangu, wewe ungetia nini humo?"

"Andika," nikamwambia. "Sufu iliyonyeshewa. Kahawa iliyochemshwa mara ya pili. Ubani wa padri mwenye haraka. Na mabishano."

"Mabishano hayana harufu, mzee."

"Basi wewe hujapanda basi la Nice mwezi wa nane."

Mama yako akanikanyaga mguu chini ya meza. Yule bwana akakunja kitambaa chake taratibu, akasema manukato ya kwetu lazima yawe na uchafu kidogo ndani yake. Ukiuondoa uchafu, unabaki na sabuni. Neno hilo lilinipendeza, nami nikakasirika kwamba limenipendeza.

Unajua nilivyo na watu wa aina hiyo. Maisha yangu yote nimepika shahamu ya kunyonya harufu za maua kiwandani, nimewaona mabibi na mabwana wa Paris wakiletwa kutuangalia kama tumbili. Sisi Wafaransa tuna ugonjwa mmoja. Mtu hukaa saa nzima mbele ya kioo ili aonekane kwamba ameamka hivyo. Skafu hufungwa na kufunguliwa mpaka shingo inauma, ili ionekane imetupwa tu. Na manukato ni yale yale: maua gunia kwa gunia hufa alfajiri, ili bibi fulani apande ngazi na watu waseme, huyu hakujipaka kitu, ndivyo alivyozaliwa. Taifa zima linaficha jasho. Kwa hiyo mtu anayeonekana hana neno, mimi ndiye ninayemshuku kwanza.

Sasa mtazame mama yako. Miaka sabini. Tangu Valcourt aanze kuja, amenunua skafu ya hariri yenye rangi ya divai na kuifunga kana kwamba imemwangukia kutoka mbinguni. Akichuma asumini anaimba. Na ufunguo wa stoo ya chini anauvaa kiunoni kama mke wa mlinda gereza.

Jirani yetu Toinette, ambaye ulimi wake ungeweza kuvuna shamba peke yake, alinivuta kwenye ua: "Fortuné, mwanamke anayeimba kabla ya kahawa ana mtu."

"Labda ana furaha tu," nikasema.

"Kwa umri wetu? Furaha ya nini? Ana mtu."

Kisha ikaja habari yenyewe. Valcourt ametoa rai: kampuni inunue shamba, na mama yako apewe nyumba Paris, awe anakaa naye akimnusia, maana anasema hajapata kukutana na pua kama ile. Nilingoja mama yako acheke. Hakucheka. Alisema atafikiri. Solange, mama yako hajafikiri tangu alipoolewa, yeye huamua.

Siku moja nilishuka ngazi kutafuta nyundo. Mlango wa stoo umefungwa kwa ndani. Nikatega sikio, na usinilaumu, sikio ni langu. Nikamsikia mama yako ndani, kwa sauti laini ambayo mimi, kaka yake, sikujua kama anayo:

"Usiwe mkaidi, basi. Tulia hivyo hivyo, nikugeuze."

Nyundo nikaisahau.

Na Valcourt wiki hiyo alikuwa Paris! Gari la kijivu halikuwepo. Basi mumo humo stoo ana mwingine. Nikapiga hesabu ya wanaume wote wa hapa wenye meno. Nikamfikiria fundi wa mabomba. Nikamfikiria hata padri, lakini padri anaumwa mgongo. Jumapili nikaenda kanisani, watu wakadhani nimepata ugonjwa wa kufa, kumbe nilikwenda kazini: nilisimama mlangoni wakitoka nikawanusa mmoja mmoja kama ofisa wa forodha. Mtu aliyekaa stoo yetu angetoka na harufu ya stoo. Sikumpata. Nikapata tu kwamba fundi wa mabomba haogi.

Nikaamua kuwafukuza. Nyumbani vitunguu saumu havipo tangu baba yako afariki. Mama yako hakuwahi kuvipenda, alimvumilia navyo yeye tu, aliyekuwa akivisugua kwenye mkate asubuhi, mchana na kabla ya kumbusu. Nikaomba kwa Toinette. Nikaviponda, nikavitia kwenye soksi kuukuu, nikaining'iniza ndani ya stoo kupitia kidirisha cha hewa kilicho upande wa banda la kuku. Mapenzi gani yatastahimili hayo? Nikajiketia barazani kumngoja mtu atoke anakohoa.

Siku zikapita, hakutoka mtu. Kisha mama yako akapanda ngazi, uso mweupe kama unga.

"Fortuné. Shuka hapa."

Angenipigia kelele ningeshukuru. Alisema polepole.

Ndani hakukuwa na mtu. Unazikumbuka zile fremu za mbao zenye kioo tulizokuwa tukizipaka shahamu, tukatandaza maua juu, shahamu ikayanywa mpaka ua linabaki kama karatasi? Kiwandani siku hizi hawazitaki, lakini mama yako alihifadhi chache. Zilikuwa mezani, zimepangwa moja baada ya nyingine kama godoro. Juu yake limelala koti la kahawia la baba yako, kola imesimama, mikono imetanuliwa, kama alivyokuwa akijilaza mwenyewe baada ya chakula cha mchana. Huyo ndiye aliyekuwa akigeuzwa.

Mama yako akaniambia yote akiwa amenipa mgongo. Tangu tumzike, kila Jumapili alikuwa akifungua kabati na kutia uso ndani ya lile koti. Pasaka ya mwaka huu alifungua, akakuta harufu ya mbao tupu. Baba yako Baptistin ameondoka hata humo. Akamwambia Valcourt, si mimi, kwa sababu mimi ningefanya mzaha (na kweli ningefanya). Valcourt akasema sufu huficha harufu chini kabisa, labda shahamu ingeweza kuitoa.

"Nikamlaza hapa," akasema. "Nikajiambia, kama hayumo, nakwenda Paris. Nibaki hapa kufanya nini, kaka? Kulinda kabati?"

"Na yumo?"

"Kulikuwa na mtu. Sufu, tumbaku ya kiko. Mtu mwenye adabu, kama mgeni wa wengine. Nilikuwa nikingoja aje vizuri. Na sasa nimeingia asubuhi hii..." Akageuka. Soksi yangu ilikuwa mkononi mwake. "Umemwua mara ya pili, Fortuné."

Wewe wajua shahamu ilivyo. Ni mwizi asiyechagua. Kiwandani mtu aliyeingia na soseji mfukoni alifukuzwa siku hiyo hiyo. Na mimi, mpika shahamu, ndiye niliyening'iniza kitunguu saumu juu yake. Mdomoni sikuwa na mzaha hata mmoja.

Nikainama nikanusa. Kwanza shahamu yenyewe. Kisha sufu. Kisha kiko. Kisha kile kitunguu saumu kikaja nyuma yao, na hapo, Solange, baba yako akaingia. Sisemi kitu mfano wa baba yako. Nasema aliingia, na viatu vyake vyenye matope, akataka kujua nani amekunywa divai yake.

"Honorine," nikasema, "hebu njoo."

"Sitaki."

"Njoo, mwanamke wewe, kabla hajaondoka!"

Akanusa. Akakaa ameinama muda mrefu mpaka nikaogopa. Alipoinuka alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, akanipiga begani na ule mwiko wa kukwangulia shahamu, mara nyingi, na kwa nguvu ambayo mtu wa Paris asingeikuta katika chupa yoyote.

Ningekuwa mwongo ningeishia hapa. Lakini Jumamosi Valcourt alirudi. Akashuka stoo, akavua glavu, akanusa. Nikamwona anakuwa mwekundu mpaka masikioni. Akasema hicho ndicho alichokuwa akikitafuta tangu machipuko, kwamba ameweka hariri, ameweka waridi, ameweka asumini, ila mtu mwenyewe hayumo. Akaomba kikopo kimoja tu akipeleke Paris, akiige, akitie chini ya maua.

"Mume wangu hauzwi kwa tone, bwana," mama yako akamjibu, akafunga mlango na ufunguo ukarudi kiunoni.

Nilipiga makofi. Nikadhani tumeshinda. Jioni tunaosha vyombo, akasimama na sahani mkononi.

"Na kama ni vitunguu tu, kaka? Labda tungelaza hapo hata ngozi ya mbuzi, tungesema ni yeye, kwa jinsi tunavyotaka awe yeye."

Sikujibu upesi, na hilo lilikuwa kosa langu. Kwa sababu, nikuambie wewe tu, na mimi nilikuwa nimelifikiria. Pua ya mjane na pua ya mzee asiyetaka kuachwa peke yake: hao mashahidi gani?

Basi ameamua. Amekwangua shahamu, nusu ameitia katika kikopo kidogo cha kioo, amekiziba kwa nta, na kinakuja kwako kwa meli. Ofisa wa forodha akikifungua, Mungu amsaidie. Wewe uliondoka hapa baba yako akiwa hai, hukumnusa kabatini akipungua mwaka hadi mwaka. Unaye mzima kichwani. Ukisema ni yeye, mama yako anabaki, na asumini inabaki. Ukisema siye, amelinda kabati tupu kiasi cha kutosha na atampa Valcourt anachotaka. Naye Valcourt anangoja jibu bila kunung'unika. Mtu wa Paris mwenye subira namshuku mara mbili.

Mama yako atakuandikia maneno machache tu: nusa, uniambie ni nini. Hataki ujue lolote, ili pua yako isidanganywe. Mimi nimekwisha kuliharibu jaribio lake lote kwa barua hii, na sijutii hata chembe. Ichome ukimaliza.

Sikuambii haya kwa ajili yangu. Haya, ni kwa ajili yangu. Sijui kukaanga yai. Lakini ni kwa ajili yake pia: huko Paris watamweka chumbani na chupa zao safi, atanusa mchana kutwa, na hatakuwamo mtu.

Kwa hiyo kikopo kikifika, watoe watoto nje, funga madirisha, ukifungue ukiwa peke yako. Kama ni yeye, utamjua kabla kifuniko hakijatoka. Lakini kama siye, kama ni sufu na kitunguu saumu tu, hata kama ni mbuzi wa Toinette mwenyewe, chukua kalamu, Solange, umwandikie mama yako: ni Baba.

Nisalimie Réjean, umwambie bado namshuku kwa kukupeleka mbali hivyo. Wabusu Ghislain na Lucette kila mmoja shavu lake. Toinette anakusalimu, na anauliza kama huko wanaume ni wengi. Mungu, kama bado anatambua sauti yangu, awape afya, kuni za kutosha, na posta isiyochelewa.

Wako akupendaye na kukuchokoza,
Mjomba Fortuné