Bibi Yunisi Anyoosha Mkono

Ruti, acha unachofanya usome hii. Shangazi Fides ametuaibisha sasa hivi mbele ya mchungaji. Amesimulia habari za marehemu bibi Yunisi, na baba hajui aangalie wapi.

Kumbe mwaka 1954, enzi za Mwingereza, bibi alikatwa titi kwa kansa kwenye hospitali ya misheni. Mimi sikuwahi kusikia.

Kidonda kikapona, ila mkono wa kushoto ukagoma. Kila asubuhi nesi Elizabeti alimfanyisha mazoezi, autambaze ukutani. "Usipouinua hutashika jembe tena." Bibi alilia, mkono ukaishia kifuani. Akajiona anarudi kijijini Mbebe kuwa mzigo.

Sasa sikia. Babu Jairo, mzee wa kanisa, akaja kumwona na kibuyu cha kimpumu, ile pombe ya ulezi. Kimpumu, Ruti, wodini. Bibi akakificha ndani ya blanketi, harufu ikajaa chumba kizima.

Nesi akaingia amekunja uso. "Nani kaleta pombe humu?" Akaanza kumfokea mama wa kitanda cha jirani, ambaye hata sauti hakuwa nayo.

Bibi akashindwa kuvumilia. Akanyoosha mkono. "Ni mimi, sista."

Nesi akaduwaa. "Yunisi, hebu tazama mkono uliounyoosha."

Ulikuwa wa kushoto. Umepita sikio, uko juu kabisa. Wa kulia ulikuwa umeshikilia kibuyu kisimwagike.

Wodi nzima ikapiga makofi. Nesi alicheka mpaka akakaa kitandani, akajifuta machozi, akasema, "Haya, ushushe polepole. Sasa uinue tena."

Mvua zilipoanza, bibi alilima ulezi wake mwenyewe.