Ukuta Uliokula Hewa ya Mkaa

Jumatatu, 13 Oktoba 1975
Darasa la saba leo wamepuliza kwa bua ndani ya maji ya chokaa mpaka yakawa meupe kama tui. Kelele tupu. Nikawaambia hewa ya pumzi na hewa ya mkaa unaowaka ni moja, na chokaa huinasa ikawa jiwe. Somo hili nalifurahia kuliko wao.

Jioni nimepita zahanati mpya tunayojenga kijijini. Lipu ni ya chokaa, saruji hakuna. Bado laini. Dada yangu Kalunde kaigusa, alama ya kiganja ikabaki ukuta wa magharibi. Fundi Saidi wa Tabora mjini kang'aka. Bwana afya anakuja kukagua Ijumaa ya wiki ijayo. Lipu ikimomonyoka, mkunga atapelekwa kijiji kingine. Kalunde ana mimba ya miezi minane. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa barabara ya Sikonge, wakimkimbiza kwa baiskeli. Hakulia.

Jumatano, 15 Oktoba
Fundi anasema chokaa hukomaa kwa wiki nyingi. Ila babu yake alikuwa akiweka jiko la mkaa chumbani na kufunga milango, lipu ikawahi kukomaa. Hajui kwa nini. Mimi najua! Ni lile somo la bua! Niliruka mbele ya watu wazima, shauri yao.

Chuoni mkufunzi alisema hewa hii ikizidi angani dunia itapata joto. Tulimcheka. Sasa sisi tutaifungia ukutani. Kidogo, lakini tutaifunga.

Alhamisi, 16 Oktoba
Fundi kaenda msibani mjini. Sikumsubiri. Wanakijiji wamejitokeza wote, wakulima wa tumbaku, na wamefanya wanachokijua: kukausha. Magogo yanawaka kama ndani ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku. Joto la ajabu. Nimewashangilia mpaka sauti imekauka.

Ijumaa, 17 Oktoba
Lipu imepasuka. Ukuta wa mashariki unatoka unga. Kosa langu. Kalunde kachukua ufagio akafagia. Bora angenitukana.

Jumamosi, 18 Oktoba
Fundi karudi. Kaushika ukuta, kacheka kwa uchungu.
"Mwalimu, mmeukausha kama tumbaku! Chokaa haili ikiwa na kiu."

Maji! Bua lilikuwa ndani ya maji! Nimefundisha mwenyewe Jumatatu, Alhamisi nimesahau. Haraka haraka haina baraka, na mimi ndiye mfano.

Tumepiga lipu upya mashariki. Kuta zote tumezinyunyizia. Majiko madogo tu, mkaa kidogo, milangoni magunia mabichi. Mwenyekiti wa kijiji kakaa nje na fimbo asiingie mtu. Hewa ile inaua.

Jumatano, 22 Oktoba
Kila siku ni hivyo: nyunyiza, washa, funga. Kisha fungua, upepo upite, ndipo tuingie. Leo nimekwaruza kwa msumari. Umeteleza! Nimepiga vigelegele peke yangu, Kalunde akadakia.

Fundi anasema jiwe likichomwa tanurini hutoa hewa hiyohiyo, ndipo huwa chokaa. Kumbe ukuta unarudishiwa chake! Moshi wa kuni za tanuri umeshapotea, najua. Lakini hii imerudi nyumbani. Nawaza mabani yote ya tumbaku, na moshi wake. Usingizi hauji.

Ijumaa, 24 Oktoba
Bwana afya kagonga, kakwaruza kwa ufunguo wa pikipiki. Hata alama hakuna. Kaandika: unafaa. Mkunga anakuja! Halafu kauliza kiganja kile ni cha nani, kifutwe.
"Hicho hakitoki tena, bwana," Fundi akamjibu.

Jumapili, 9 Novemba
Mvua ya kwanza usiku. Sikwenda kanisani.

Mkunga alikuwa ndani na Kalunde tangu alfajiri. Mimi nje, mgongo ukutani. Ukuta ni baridi, mgumu.

Saa nne wameniita. Msichana. Kitanda kiko chini ya kile kiganja. Mtoto analia sana. Hakuna anayemnyamazisha.